Pistorius: Mtaa uliuliza lake, mahakama ikajibu lake

Mtajie mtu jina la Oscar Pistorius, awe dereva wa daladala au mhadhiri wa chuo, na mazungumzo yatagota pale pale: alijua kwamba aliyemo chooni ni mpenzi wake Reeva, au hakujua? Wapo wanaoapa kwamba alijua. Wapo wanaoapa kwamba alidhani ni mwizi. Zaidi ya miaka kumi imepita na hakuna aliyemshawishi mwenzake, ingawa hii ni kesi ambayo karibu kila neno lake lilisikika hadharani, shahidi mmoja baada ya mwingine.

Ajabu yake ni kwamba mwanariadha huyo alitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia bila swali hilo kupata jibu. Majaji wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini hawakulihitaji. Walisema, kwa lugha ya kisheria, kwamba awe ni Reeva Steenkamp au mtu mwingine yeyote, nyuma ya ule mlango alikuwamo binadamu, na aliyefyatua risasi alilijua hilo. Hapo mtaa na mahakama viliachana njia, na hadi leo havijakutana.

Yasiyobishaniwa ni haya. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, katika nyumba iliyomo ndani ya makazi yenye uzio na walinzi ya Silver Woods, Pretoria, Pistorius alifyatua risasi nne za bastola ya milimita 9 kupitia mlango wa choo uliofungwa kwa ufunguo. Tatu zilimpata mpenzi wake, Reeva, aliyekuwa na umri wa miaka 29: nyonga, mkono na kichwa. Kisha Pistorius akauvunja mlango kwa gongo la kriketi, akambeba hadi chini ya ngazi. Reeva alifia hapo hapo nyumbani.

Maelezo yake hayakuyumba katika jambo moja, kwamba alidhani ni jambazi. Alisema usiku ulikuwa wa joto, aliamka kuingiza feni zilizokuwa kwenye roshani, akasikia dirisha la bafu likifunguliwa. Hakuwa amevaa miguu yake ya bandia. Akachukua bastola iliyokuwa chini ya kitanda, akatembea kwa vigutu vya miguu kuelekea bafuni huku akipiga kelele kumfukuza huyo mvamizi na kumwambia Reeva apige simu polisi. Aliposikia kishindo ndani ya choo, akapiga risasi.

Aliyesimulia hayo alikuwa mtu ambaye miezi sita tu kabla ya hapo dunia nzima ilisimama kumpigia makofi. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1986 akiwa na kasoro ya mifupa ya miguu, akakatwa yote miwili chini ya magoti akiwa na miezi 11. Mwaka 2008 shirikisho la riadha duniani lilimzuia kushindana na wenye miguu, akakata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo na kushinda. London 2012 akawa mkimbiaji wa kwanza aliyekatwa miguu yote miwili kushiriki Olimpiki. Alifika nusu fainali ya mita 400, na mshindi wa mbio hizo, Kirani James wa Grenada, akamwomba wabadilishane vibandiko vya majina. Hata sisi tusiofuatilia riadha isipokuwa anapokimbia Mkenya au Mwethiopia tulimjua. Kampuni ya Nike ilikuwa na tangazo lililomfananisha na risasi iliyo tayari kutoka. Likaondolewa haraka haraka.

Kesi ilianza tarehe 3 Machi 2014 katika Mahakama Kuu, Pretoria, na wiki moja kabla yake Jaji Dunstan Mlambo alikuwa ameruhusu irushwe hewani. DStv ikafungua chaneli nzima, namba 199, kwa ajili ya kesi hiyo tu, saa 24 kwa siku. Afrika Kusini ilifuta mfumo wa wananchi kuamua kesi za jinai mwaka 1969, kwa hiyo mwamuzi alikuwa jaji, akisaidiwa na washauri wawili. Lakini chaneli ile iliwapa mamilioni ya watu kiti cha mwamuzi, na mtu akishakalia kiti hicho hainuki kwa urahisi.

Ubishi mkubwa kuliko wote ulihusu kelele. Majirani kadhaa walitoa ushahidi kwamba walisikia mwanamke akipiga mayowe ya hofu, kisha milio. Mmoja wao aliishi mita 177 kutoka pale. Kama ni kweli, basi Reeva alipiga mayowe kabla ya kuuawa, na kama alipiga mayowe, basi aliyeshika bastola alijua anampiga nani. Kesi ingekuwa imeisha.

Wakili wa Pistorius, Barry Roux, akaja na hesabu ya dakika. Alisema milio ilikuwa ya mafungu mawili. Fungu la kwanza, kati ya saa 9:12 na 9:14 usiku, ndiyo bastola. Fungu la pili, saa 9:17, ni gongo la kriketi likigonga mlango. Mayowe yalisikika katikati, na kwa kuwa risasi ya kichwani ilimnyamazisha Reeva papo hapo, mwenye mayowe hakuweza kuwa yeye. Alikuwa Pistorius mwenyewe, ambaye sauti yake, alidai Roux, hupanda anapochanganyikiwa. Upande wa mashtaka ulishikilia kwamba milio ya saa 9:17 ndiyo iliyomuua. Simu zilikuwa na ushahidi wake: saa 9:19 Pistorius alimpigia msimamizi wa makazi yale, saa 9:20 akapiga huduma ya magari ya wagonjwa. Mtaalamu wa polisi naye alikubali, alipobanwa, kwamba mlango ulipigwa risasi kwanza na kuvunjwa baadaye.

Mahakama ilichukua hesabu ya utetezi. Mtaani watu wengi hawakuichukua, na siwalaumu. Ni vigumu kumwambia mtu aliyekuwa macho usiku ule, akasikia kwa masikio yake mwanamke akililia uhai wake, kwamba alichosikia ni mwanamume anayeomboleza. Lakini ni vigumu vilevile kumfunga mtu kwa sauti iliyosikika kwa mbali gizani. Kwenye mizani ya jinai, shaka huwa ni mali ya mshtakiwa.

Mwendesha mashtaka Gerrie Nel, ambaye aliwahi kumtia hatiani mkuu wa polisi wa nchi hiyo, Jackie Selebi, alimbana Pistorius kizimbani kwa siku kadhaa mwezi Aprili. Kati ya maswali yake yote, kwangu mimi moja linazidi mengine. Pistorius alisema alipaza sauti kumwambia Reeva apige polisi. Reeva alikuwa chooni, hatua chache kutoka alipo, na simu yake mkononi. Kwa nini hakujibu? Mpenzi wako yuko nje ya mlango anapiga kelele kwamba kuna jambazi, nawe unakaa kimya? Pistorius hakuwa na jibu la maana. Jaji mwenyewe, katika hukumu yake, aliliona jambo hilo kuwa halieleweki, akamwita mshtakiwa shahidi dhaifu sana aliyekwepa maswali. Hata hivyo akasema, na hapa alikuwa sahihi, kwamba uongo wa mshtakiwa peke yake hauthibitishi kosa.

Mengine yalikuwa kelele za kando. Daktari aliyechunguza mwili alisema chakula tumboni kilionyesha Reeva alikula kama saa mbili kabla ya kufa, wakati mpenzi wake alidai walilala mapema usiku. Mahakama ikaona kipimo hicho hakina uhakika wa kutosha. Zilisomwa jumbe za WhatsApp ambamo Reeva alimwambia kwamba wakati mwingine alimwogopa kwa jinsi alivyomfokea; mahakama ikasema mapenzi ya watu huwa na siku mbaya na nzuri. Polisi nao walijiaibisha wenyewe. Mpelelezi wa kwanza aliondolewa kwenye kesi kwa kuwa alikuwa na tuhuma zake za kujaribu kuua, na saa ya mkononi ya thamani ilipotea ndani ya nyumba ile wakati askari wakiwa kazini. Kila kosa kama hilo lilikuwa zawadi kwa wabishi.

Tarehe 12 Septemba 2014, Jaji Thokozile Masipa alimwondolea Pistorius kosa la mauaji ya kukusudia na kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Oktoba akampa miaka mitano.

Wasomaji wa Tanzania wanaifahamu tofauti ya makosa hayo mawili tangu kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwaka 2012, ambapo msanii mwenzake, Elizabeth Michael, alishtakiwa kwanza kwa mauaji na miaka mitano baadaye akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Hapo pia kila baraza la kahawa lilikuwa na hukumu yake kabla ya jaji.

Masipa alitukanwa kwa namna ambayo hata vyama vya wanasheria vililazimika kukemea. Watu walimwita mlegevu kwa matajiri, walimwita mpole kwa wanaume. Waliosema hivyo hawakujisumbua kusoma habari zake. Mama huyu alikulia Soweto, alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu enzi za ubaguzi, akasomea sheria ukubwani, na mwaka 1998 akawa mwanamke Mwafrika wa pili kuteuliwa jaji wa Mahakama Kuu nchini humo. Mwaka mmoja kabla ya kesi hii alimpa mbakaji sugu kifungo cha miaka 252. Mwaka 2009 alimfunga maisha askari polisi aliyemuua aliyekuwa mkewe kwa risasi kwa sababu ya ugomvi wa kugawana mali. Alikosea katika kesi ya Pistorius, ndiyo. Kosa lake lilikuwa la sheria, na lilisahihishwa mahali panapostahili.

Mahali hapo ni Bloemfontein. Tarehe 3 Desemba 2015 majaji watano wa Mahakama ya Rufani, hukumu ikisomwa na Jaji Eric Leach, waliligeuza shauri zima. Sheria ya nchi hiyo iliruhusu upande wa mashtaka kukata rufaa kwa hoja za kisheria tu. Yale ambayo Masipa aliyaona kuwa ndiyo yaliyotokea yalibaki kama alivyoyaacha, ikiwamo kwamba huenda Pistorius aliamini ni jambazi. Majaji wakasema: haya, tuchukue kwamba aliamini hivyo. Je, hilo linamwokoa?

Wakajibu kwamba halimwokoi. Sheria ya Afrika Kusini ina daraja la nia linaloitwa kwa Kilatini dolus eventualis: mtu anaona kabisa kwamba tendo lake linaweza kuua, anajipatanisha na uwezekano huo, na anaendelea. Masipa alijiuliza kama Pistorius aliona kwamba angemuua Reeva, na kwa kuwa alidhani Reeva yuko kitandani, akajibu hapana. Mahakama ya Rufani ikasema swali lenyewe lilikosewa. Kilichotakiwa kuulizwa ni kama aliona kwamba angemuua *mtu*. Choo kile kilikuwa kijichumba kidogo ambacho aliyemo hana pa kukimbilia. Mpigaji alikuwa na mafunzo ya silaha. Hakupiga risasi ya onyo. Alipiga nne. Aliyefanya hivyo hawezi kusema hakujua kwamba kuna mtu atakufa. Na kwa kuwa hakuwa ameshambuliwa na yeyote, wala hakujua aliyemo ana silaha au hana, hakuwa na haki ya kujitetea aliyoidai.

Hapa ndipo pananipa mawazo kila ninaposoma hukumu ile, kwa sababu inatugusa sisi kuliko tunavyopenda kukiri. Katika ubishi wote nilioupata kuusikia Dar es Salaam, pande zote mbili zilikubaliana jambo moja bila kulisema: kwamba *kama* alidhani ni mwizi, basi hana kosa. Wanaomtetea walisimama hapo. Wanaomlaani walisimama hapo hapo, ndiyo maana walipigania kwa nguvu zote kuthibitisha kwamba alijua ni Reeva. Mwizi, kwa hesabu zetu, hana damu. Tunaishi katika miji ambayo mtu akipigiwa kelele za mwizi anaweza kufa kwa mawe na tairi kabla askari hajafika, na waliomuua wakarudi kwenye biashara zao. Majaji wa Bloemfontein walisema hata huyo ana uhai unaolindwa na sheria. Nadhani ndiyo maana hukumu yao haijapenya mtaani. Watu waliona wamepata neno walilolitaka, muuaji, wakaliacha jingine pale pale.

Afrika Kusini yenyewe kulikuwa na walioliona jambo hili mapema. Mwandishi wa riwaya Margie Orford aliandika kuhusu yule mvamizi wa kufikirika, mtu mweusi asiye na sura wala jina, aliyekaa vichwani mwa Wazungu wa nchi hiyo kwa vizazi na kuhalalisha kuta, nyaya za umeme na bastola chini ya kitanda. Utetezi wa Pistorius ulimhitaji mtu huyo. Bila yeye usingekuwa na maana hata kwa wanaomwamini.

Takwimu nazo zilikuwa na la kusema kuhusu nani hasa anaua wanawake. Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini lilipochunguza vifo vya mwaka 1999 liligundua kwamba mwanamke mmoja aliuawa na mpenzi au mume wake kila baada ya saa sita. Mwaka 2009 ilikuwa kila baada ya saa nane. Ndiyo sababu wanawake wa chama tawala walisimama nje ya mahakama na sare zao za kijani siku baada ya siku. Hawakuwa na haja ya hesabu ya Roux ya dakika. Kwao, mwanamke aliyepigwa risasi nyuma ya mlango aliojifungia alikuwa habari waliyoijua mwisho wake.

Reeva mwenyewe angekuwa upande wao. Alikuwa na shahada ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Nelson Mandela Metropolitan, Port Elizabeth, na alitaka kurudi kwenye uanasheria baada ya kazi ya mitindo. Siku aliyouawa alitarajiwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya Johannesburg juu ya ukatili dhidi ya wanawake. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amepaza sauti mtandaoni kwa ajili ya msichana wa miaka 17 aliyebakwa na kuuawa Bredasdorp. Siku mbili baada ya kifo chake, televisheni ya nchi hiyo ikaonyesha kipindi cha burudani alichorekodi Jamaica, anacheka ufukweni. Aliagwa Jumanne, siku hiyo hiyo Pistorius alikuwa mahakamani akiomba dhamana, na kamera nyingi zilikuwa huko.

Ndilo tatizo la umaarufu wa mshtakiwa: unavuta macho yote upande wake. Marekani iliona hivyo mwaka 1995, O.J. Simpson alipoachiwa huru baada ya wananchi 12 kujadiliana kwa muda usiofika saa nne, bila kutoa sababu hata moja kama ilivyo desturi ya mfumo huo. Nchi ikagawanyika kwa rangi, na Nicole Brown na Ron Goldman waliochinjwa wakawa majina ya pembeni. Kwetu Afrika Mashariki mambo yamekuwa kinyume, mwenye medali ndiye aliyezikwa. Agnes Tirop alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za mbio za wanawake pekee huko Ujerumani. Mumewe alishtakiwa na akakana. Rebecca Cheptegei wa Uganda alimwagiwa petroli na kuchomwa moto Trans Nzoia Septemba 2024, wiki chache tu baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris. Hakuna chaneli ya saa 24 iliyofunguliwa kwa ajili yao.

Yaliyofuata kwa Pistorius yalikuwa ya polepole. Julai 2016 Masipa alimpa miaka sita kwa kosa la mauaji, wakati sheria inataka isiyopungua 15 pasipokuwapo sababu nzito. Mahakama ya Rufani ikaona adhabu hiyo inafanya mzaha na kosa, na Novemba 2017 ikaiongeza hadi miaka 13 na miezi mitano, yaani ile 15 ukiondoa muda aliokwisha kuutumikia. Masipa alipokuwa akisikiliza hoja za adhabu, wakili wa Pistorius alimtaka avue miguu ya bandia na kutembea kwa vigutu mbele ya watu, akilia. Wengine waliguswa. Mimi niliona mtu akitumiwa, na sikuona hilo linahusiana vipi na mwanamke aliyekufa.

Baba yake Reeva, Barry, alikutana naye ana kwa ana mwaka 2022 kwa utaratibu wa magereza wa kuwapatanisha wafungwa na walioathirika. Alifariki Septemba 2023 bila kupata jibu alilolitaka. Mama yake, June, hakupinga parole. Alisema amesamehe zamani, ila hadithi ya jambazi haiamini, na kwamba wanaotumikia kifungo cha maisha ni wao waliobaki.

Hapa nami niseme langu. Sijui jinsi mahakama yoyote ingeweza kumtia hatiani kwa kujua kwamba ni Reeva, kwa ushahidi ule. Hadithi yake ina tundu kubwa pale pale ambapo Reeva hakujibu, na tundu hilo halijazibwa. Lakini tundu katika hadithi ya mshtakiwa na ushahidi kwamba alijua ni vitu viwili, na nchi inayoviunganisha itakuja kumfunga jirani yako siku moja. Bloemfontein walipata njia iliyonyooka bila kuvuka mpaka huo: walimhukumu kwa alichokiri mwenyewe.

Pistorius alitoka gerezani tarehe 5 Januari 2024. Masharti ya parole yanamtaka apate mafunzo ya kudhibiti hasira na ya ukatili wa kijinsia, na yanamkataza pombe na mahojiano na vyombo vya habari. Yatakoma Desemba 2029.